Outlook inajifunga yenyewe, Office nimeinstoli mara mbili, nifanyeje?

SWALI: Habari kaka. Mi ni mhasibu, natumia kompyuta ya mezani yenye Windows 10 na Outlook ya kawaida ile ya Office 2019. Wiki ya tatu sasa nikifungua emeli zenye picha, au nikibonyeza atachimenti, Outlook inaganda kidogo halafu inajifunga. Word nayo imeanza. Nimeshafuta kashe yote ya Chrome, Office nimeitoa na kuiweka upya mara mbili, bado. Umeme kwetu unakatika sana na sina UPS, kile kifaa cha kushikilia umeme ukikatika. Fundi mmoja anasema tufomati, yaani tufute kila kitu tuanze upya. Naogopa maana kazi zangu zote zipo humo.

JIBU: Salama dada, pole sana, na tafadhali usifomati kwanza. Hiyo hali naijua vizuri na mara nyingi inaisha bila kugusa kazi yako hata moja.

Kwanza tuelewane kwa nini ulichofanya hakikusaidia, maana hapo ndo watu wengi wanapotea. Kashe ni stoo ya muda ya mafaili ambayo programu imeyavuta, na Chrome ina kashe yake peke yake, Outlook haiigusi kabisa, kwa hiyo hata ukiifuta kila siku hakuna kitakachobadilika. Office ya kawaida inapovuta picha ya kwenye emeli inapitia mitambo ya intaneti ya Windows yenyewe, ile ile iliyokuwa inatumiwa na Internet Explorer. Microsoft waliistaafisha Internet Explorer tarehe 15 Juni 2022 lakini mitambo yake imebaki ndani ya Windows na kashe yake ipo, inaitwa INetCache, na humo ndani kuna folda za kujificha kama Content.Outlook, Content.Word na Content.MSO. Sasa hizo zinakaa kwenye profaili yako wewe mtumiaji, hazikai kwenye folda la Office, ndo maana ukitoa Office na kuirudisha unaikuta kashe mbovu inakusubiri pale pale.

Na inaharibikaje? We ni mhasibu, chukulia stoo na daftari lake. Kashe ina mafaili yenyewe, halafu ina daftari linalosema faili gani lipo wapi, na hilo daftari ni faili moja linaitwa WebCacheV01.dat. Umeme ukikatika wakati Windows inaandika, daftari linasema gunia limejaa kumbe ni nusu, programu inakuja kuchukua inakuta kitu ambacho haikukitegemea, inaanguka. Disiki ikijaa kabisa ni hivyo hivyo, na antivairasi ikifuta faili humo katikati ya kazi pia inaweza kuleta shida.

Kabla hujafuta chochote hakikisha ndo lenyewe. Ingia kwenye mashine hiyo hiyo kwa akaunti nyingine ya Windows, ya mwenzako au mpya ya kujaribia, fungua emeli zenye picha na atachimenti. Ikitulia huko na kwako inaanguka, basi Office ni nzima na ubovu upo kwenye profaili yako. Halafu rudi kwako, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika outlook.exe /safe. Ikifanya kazi vizuri hapo lakini kawaida inaanguka, usihangaike na kashe, mkosaji ni vijiprogramu vya nyongeza (Add-ins), zima kimoja kimoja. Pia andika perfmon /rel utaona kalenda yenye alama nyekundu siku iliyoanguka, fungua maelezo uangalie jina la moduli iliyokosea, yaani kipande cha programu kilichoanguka, ukikuta wininet.dll au mshtml.dll, ambazo ni vipande vya mitambo ile ya intaneti, hapo ushahidi wa kashe umeongezeka sana.

Sasa sikiliza hili kwa makini kuliko yote. Ukifungua atachimenti moja kwa moja kutoka kwenye emeli, Outlook inaweka nakala yake kwenye Content.Outlook, na kuna watu wanaandika humo humo, wanasevu, wanafunga, wakidhani kazi ipo Documents. Outlook ikianguka huku faili limefunguliwa, nakala inabaki humo. Nimeshaona mtu amepoteza ripoti ya mwezi mzima kwa sababu fundi alisafisha bila kuuliza, na inauma. Kwa hiyo bonyeza Windows na R, andika %localappdata%\Microsoft\Windows\INetCache\Content.Outlook, ingia folda lililomo, kila cha kwako kikopi kwenye flashi. Ukikuta humo nakala kibao za jina moja, tuseme ankara(1), ankara(2) na kuendelea, zisafishe pia baada ya kukopi, maana Outlook za zamani zikifika nakala 99 za jina moja zinagoma kabisa kufungua atachimenti yenye jina hilo.

Baada ya hapo funga programu zote za Office, ingia Task Manager uhakikishe OUTLOOK.EXE haijabaki imening'inia. Windows na R tena, andika inetcpl.cpl, kwenye General chini ya Browsing history bonyeza Delete, weka tiki kwenye Temporary Internet files peke yake, za Passwords na Form data ziache. Kashe ikiwa kubwa inaweza kuchukua dakika kadhaa, usiizime katikati maana utarudi ulipotoka. Ristati, jaribu.

Hapo wengi wanapona. Kama bado, daftari lenyewe limeharibika, na hilo huwezi kulifuta ukiwa ndani ya akaunti yako kwa sababu Windows imelishikilia. Ristati, usiingie kwako, ingia kwa akaunti nyingine yenye uadmini, nenda C:\Users, folda la jina lako, AppData, Local, Microsoft, Windows, ukikuta folda la WebCache libadilishe jina liwe WebCache.old. Mi sipendi kufuta moja kwa moja, ukibadilisha jina una pa kurudi. Ukiingia kwako Windows itatengeneza jipya lenyewe.

Kuna na kashe nyingine ya vile vijiprogramu vya nyongeza vya mtandaoni, ipo %localappdata%\Microsoft\Office\16.0\Wef, ukifuta vilivyomo vitavutwa upya. Na wanaotumia Outlook mpya hii njia yote haiwahusu, ile inaendeshwa na injini ya Edge na ina kashe yake.

Ukishapona tafuta UPS hata ndogo, ya kukupa dakika tano za kuzima mashine taratibu. Halafu siku moja jioni fungua Command Prompt kama admini uandike chkdsk C: /f, inayokagua na kurekebisha makosa ya disiki, ukubali ifanyike ukiristati. Kama baada ya wiki mbili tatu kashe inaharibika tena na umeme haukukatika, hapo mi ningeanza kuishuku disiki yenyewe, kopi kazi zako zote nje siku hiyo hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Na ikiendelea kuanguka niandikie lile jina la moduli uliloliona kwenye perfmon, nitakuelekeza kuanzia hapo.