Baiskeli mpya na njia zenye tope

Hongera kwa kuamua, ndugu. Umeuliza ununue baiskeli ya aina gani, na kama unaweza kuingia njia za msituni sasa hivi, majira ya kuchipua yanapoanza.

Tazama kipimo kabla ya rangi na idadi ya gia. Ukikaa kwenye siti, pedali ikiwa chini kabisa, goti lipinde kidogo tu. Baiskeli isiyokutosha itakuumiza magoti hata iwe ya bei gani. Kwa njia za udongo chukua tairi pana, milimita 40 kwenda juu, na breki za diski, maana rimu ikilowa breki za mpira, zile zinazobana rimu, huchelewa kushika.

Kuhusu njia zenyewe, nakuomba sana uwe na subira. Theluji ikiyeyuka, juu huwa tope na chini ardhi bado imeganda, maji hayana pa kwenda. Endesha hatua chache, kisha geuka utazame nyuma: tairi ikiacha mfereji, rudi. Mfereji ule ukikauka hubaki hivyo hivyo, na kila mvua inayokuja itapita humo na kuuchimba zaidi. Anza na njia za changarawe, au zile za upande unaopigwa na jua. Ukikuta kidimbwi, pita katikati polepole. Ukikizunguka unaipanua njia.

Ukirudi futa cheni, ikaushe, tia tone la oili kila kiungo. Na baada ya wiki chache irudishe baiskeli kwa fundi, kwa sababu waya mpya za gia hulegea.