Barafu inavyopimwa kutoka chini: jibu kwa fundi wa Mkoani

SWALI: Asalam aleikum mtaalamu. Nafanya kazi ya ufundi na watu wanaopima mikondo upande wa Mkoani. Tunazamisha kipimamkondo cha sauti hadi sakafuni, uso wake ukitazama juu, tunakiacha mwezi mzima, kisha tunakiopoa na kusoma data. Nasikia chombo hichohicho kinawekwa chini ya barafu huko Ncha ya Kaskazini, na kinawapa mkondo na unene wa barafu kwa pamoja. Hapo ndipo sielewi. Unene unajulikanaje na sauti haitokei upande wa pili? Dira kule si inachanganyikiwa? Na barafu ikishafunga bahari, chombo kinatolewaje?
Fundi, Mkoani, Pemba

JIBU: Waaleikum salaam, fundi mwenzangu. Uliyoyasikia ni kweli. Nianze na kitu ambacho wewe unakifuta kila unaposafisha data: zile seli za juu kabisa, yaani matabaka ya maji yaliyo karibu na uso ambayo chombo hupima mkondo wake kimojakimoja kwa kutuma sauti na kusikiliza mwangwi. Sote tumefundishwa kwamba mita za mwisho karibu na uso wa maji ni taka. Sehemu ya sauti huvuja nje ya mwale (ile njia nyembamba ambayo chombo huielekezea sauti), hupanda wima, hugonga uso wa bahari na kurudi na mwangwi mkali unaomeza ule mwangwi dhaifu wa vijidudu na chembe zinazoelea majini. Kwa chombo chenye miale iliyoinama nyuzi 20, karibu asilimia 6 ya kina huharibika kwa namna hiyo. Ukiwa kwenye maji ya mita 30, unapoteza takriban mita 2. Sasa, kule kaskazini huo mwangwi mkali ndio wanaoutafuta. Kwenye hesabu ya mkondo wanauweka kando kama wewe, halafu wanaurudia kwa ajili ya barafu.

Ni kweli sauti haitokei upande wa pili, na wala haihitajiki kutokea. Kinachopimwa ni ile sehemu ya barafu iliyozama. Chukua mfano. Chombo kimefungwa kwenye kamba inayosimama wima kutoka kwenye nanga, na sensa ya kanieneo (mgandamizo wa maji na hewa) inasema kiko mita 50 chini ya usawa wa bahari. Mwangwi unasema kitu kigumu cha kwanza juu yake kiko umbali wa mita 47.6. Tofauti, mita 2.4, ni barafu iliyo ndani ya maji. Barafu ya bahari huzama karibu sehemu 9 kati ya 10, kwa hiyo unene wote unakaribia mita 2.7 kama theluji iliyoilalia si nyingi. Hesabu ndiyo hiyo, mtoto wa darasa la tano anaiweza. Kazi iko kwenye kuziamini hizo namba mbili unazotoa moja kwa nyingine.

Angalia kasi ya sauti kwanza. Maji yetu yenye joto la nyuzi 28 hupitisha sauti kwa takriban mita 1,540 kwa sekunde. Maji ya chumvi yaliyo kwenye nyuzi 1.8 chini ya sifuri, pale yanapoanza kuganda, huipitisha kwa takriban mita 1,440. Ukisahau kubadilisha mpangilio wa Pemba, kila mita 50 zitasomeka kama mita 53 na nusu, na barafu yako itakuwa imepaa hewani. Kisha kuna hewa. Sensa ya kanieneo hubeba uzito wa maji pamoja na uzito wa hewa iliyo juu yake. Kanieneo ya hewa ikibadilika hektopaskali 10 (hicho ndicho kizio chake), sensa inadhani kina kimebadilika kama sentimita 10. Huku kwetu hilo halimkoseshi mtu usingizi, kwa sababu kanieneo ya hewa hubadilika kidogo tu mwaka mzima. Kule dhoruba moja inaweza kuishusha hektopaskali 40, na hiyo ni karibu nusu mita ya barafu ya uongo. Ongeza na kamba yenyewe, ambayo mkondo ukiwa mkali huilaza, chombo kikashuka na kuinama.

Dawa yao naipenda kwa sababu haihitaji kifaa kipya. Barafu ya bahari hupasuka, na katikati ya vipande hufunguka mifereji ya maji wazi. Mfereji ukipita juu ya chombo, jibu sahihi linajulikana bila ubishi: barafu sifuri. Kama hesabu inasema sentimita 12, basi sentimita 12 ni kosa, na unalitoa kwenye saa za kabla na baada. Wachambuzi hupitia rekodi ya mwaka mzima wakiwinda mifereji hiyo mmojammoja. Wewe unaweza kujaribu hesabu hiyo Mkoani wiki hii hii. Chagua siku ya maji mafu, bahari imetulia, toa umbali wa mwangwi wa uso kwenye kina kinachosemwa na sensa. Usipopata sifuri au karibu yake, kagua kasi ya sauti uliyoweka na mara ya mwisho sensa yako kurekebishwa.

Barafu nayo haikai. Inapita juu ya chombo kama kitambaa kinavyopita chini ya sindano ya cherehani, kwa hiyo unachopata ni mstari wa unene kwa kufuata saa, wala si kwa kufuata mita. Ili uugeuze kuwa umbali lazima ujue barafu inakwenda kasi gani. Hapa kipimamkondo kina ujanja unaoujua tayari. Kikifungwa ubavuni mwa boti kikitazama chini, hutuma mlio mrefu zaidi unaotafuta sakafu, ili kijue boti inakwenda mwendo gani. Kigeuze kitazame juu, na mlio uleule utaifuata barafu kana kwamba ndiyo sakafu. Unapata kasi na mwelekeo wa barafu, na chini yake mkondo wa maji kwa kila tabaka.

Kuviona viwili hivyo pamoja kuna faida kubwa. Mvumbuzi Mnorwe Fridtjof Nansen, alipoiacha meli yake Fram igandwe na barafu kuanzia 1893 hadi 1896, aliona barafu haifuati upepo moja kwa moja. Ilikuwa ikikata upande wa kulia kwa nyuzi 20 hadi 40. Msweden Ekman ndiye aliyekuja kuieleza kwa hesabu: ni mzunguko wa dunia. Kusini mwa ikweta maji hukata kushoto, ila kwenye latitudo ya nyuzi 5 au 6 ya Pemba na Unguja nguvu hiyo ni ndogo mno ukilinganisha na ya kule juu. Mkondo wetu wa pwani unaokwenda kaskazini, unaoshika kasi wakati wa kusi, una mambo yake mengine na unastahili swali lake.

Kwa maoni yangu, anayetaka unene hasa asitegemee kipimamkondo peke yake. Miale yake imeinama, kila mmoja unagonga kipande tofauti cha barafu, na doa la sauti huwa pana kiasi cha kuficha matuta na mashimo. Kinachofaa ni kukiweka sambamba na sona, yaani chombo cha kupima umbali kwa mwangwi, yenye mwale mmoja mwembamba ulio wima. Katika mlango bahari wa Fram, kati ya Greenland na Svalbard, ambako ndiko barafu nyingi ya Aktiki (bahari ya Ncha ya Kaskazini) hupita ikitoka nje, rekodi ndefu ya unene imetoka kwenye sona za aina hiyo tangu miaka ya 1990. Setilaiti hazijaziondolea kazi. CryoSat-2, iliyorushwa 2010, na ICESat-2 ya 2018 hupima ile sehemu ndogo iliyo juu ya maji, kisha hesabu huizidisha karibu mara 10. Kosa la sentimita 5 juu linageuka nusu mita kwenye unene. Setilaiti huona eneo lote, chombo cha chini huona mstari mmoja kwa uhakika zaidi, na wapimaji hutumia cha chini kuikagua ya juu.

Kuhusu dira, umeuliza vizuri. Sindano huvutwa na ile sehemu ya usumaku wa dunia iliyolala. Ukikaribia ncha ya sumaku, nguvu karibu yote inaelekea chini, na kinachobaki cha kuizungusha dira ni kidogo sana. Hata chuma cha betri kinatosha kuidanganya. Wengine hufunga chombo kwenye fremu isiyozunguka, iliyokaa sakafuni, na kuujua mwelekeo wake kwa kulinganisha na mkondo wa maji kupwa na kujaa, ambao kwenye mlango mwembamba lazima ufuate mlango. Wengine huchukua mwendo wa barafu uliopimwa na chombo na kuuzungusha mpaka ulingane na mwendo wa maboya yaliyowekwa juu ya barafu, ambayo hutuma mahali yalipo kwa setilaiti. Mpango wa maboya hayo ulianza kukusanya data 1979.

Kuna jambo hukuuliza lakini litakukuta ukienda huko: maji ya Aktiki wakati wa baridi yana vijidudu vichache. Chombo cha kilohezi 300 kinachokupa picha nzuri hapa kwetu kinaweza kufika nusu tu ya umbali wake. Faida ya maji hayo ni kwamba hutakwangua magamba na majani ya baharini kila mwezi.

Sasa kukitoa. Boya la juu huzamishwa makusudi mita 40 au 50, kwa kuwa matuta ya barafu huweza kuning'inia zaidi ya mita 20 chini ya maji na kusomba kila kitu. Chini, juu kidogo ya nanga, kuna kulabu inayofunguka kwa amri ya sauti kutoka melini. Nanga, mara nyingi magurudumu chakavu ya treni, huachwa hukohuko. Meli ya kuvunja barafu hufika, huzima mashine ili isikie, na kuuliza umbali kutoka pembe tatu au zaidi mpaka mahali pa chombo pajulikane. Kisha husagasaga barafu kufungua ziwa, lakini si juu ya chombo. Barafu inayokwenda sentimita 30 kwa sekunde husogea zaidi ya mita 350 kwa dakika 20, hivyo ziwa hufunguliwa upande barafu inakotoka na kusubiriwa liletwe. Amri ikitoka mapema, maboya hukwama chini ya barafu na hakuna anayeyaona. Nahodha akiona barafu ni nzito kupita kiasi, halazimishi: chombo kinabaki mpaka mwaka unaofuata, na ndiyo sababu hufungwa betri za lithiamu zenye akiba ya msimu wa pili hata kama safari imepangiwa mmoja.