Geuza Kopo Kabla Hujalipa: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Bia za Krafti

Bia za viwanda vidogo zimeanza kubanana na laga za kawaida kwenye friji za maduka, na maswali yenu nayo yamebanana kwenye simu yangu. Nimechukua yale yanayojirudia, mengine nimeyafupisha. Anayetaka kujua kama pombe ni halali au inafaa kwa ini lake, aende kwa shehe, kasisi au daktari. Hapa tunazungumzia namna ya kutotupa pesa.

Friji ya supamaketi ya karibu na kwangu imejaa makopo yenye michoro: fuvu, twiga, mwanaanga. Bei ya moja ni Tusker mbili. Naanzia wapi? (Msomaji, Kilimani, Nairobi)

Anzia chini. Chukua kopo, ligeuze, soma kitako chake. Hapo ndipo huchapwa tarehe, na tarehe itakuambia mengi kuliko fuvu na mwanaanga wakiungana. Kwenye chupa itafute shingoni au pembeni mwa lebo. Mara nyingi wino ni hafifu na umefunikwa na umande wa friji, kwa hiyo futa kwa kidole gumba, washa tochi ya simu. Usione haya, pesa ni yako.

Kwa nini nasisitiza tarehe? Laga za viwanda vikubwa kwa kawaida hupashwa joto ili zidumu, na zinatoka haraka, kreti haina muda wa kuzeeka. Bia za krafti nyingi hazipashwi. Tena zile zinazotegemea hopsi, hasa IPA (India pale ale, bia chungu yenye hopsi nyingi), uhai wake ni mfupi. Hopsi ni maua ya mmea unaopanda kwenye kamba, na ndiyo yanayoipa bia uchungu pamoja na harufu za chungwa, embe, pasheni au msonobari. Bia ikikaa, harufu huondoka kwanza, uchungu ukabaki peke yake. Kisha hewa kidogo iliyofungiwa ndani inaanza kazi yake, nawe unakunywa kitu chenye ladha ya kadibodi iliyolowa. Watu wengi wanaosema hawapendi IPA walipewa IPA iliyokwisha kufa.

Kipimo changu ni hiki: IPA isizidi miezi mitatu tangu ifungwe, na zile zenye ukungu kama juisi nazitaka changa zaidi. Pilsna (laga ya njano) na stauti (bia nyeusi) za kawaida navumilia mpaka miezi sita hivi.

Sasa kuna mtego. Viwanda vingine huandika siku ya kufungwa, vingine huandika tarehe ya mwisho, na hiyo ya mwisho mara nyingi imewekwa mwaka mzima mbele. Haina maana kwamba ladha itakusubiri mwaka. Mtego wa pili ni wa bia zinazotoka nje. Kopo la Marekani likiandikwa 04/07, ni Aprili 7, kwa sababu wao hutanguliza mwezi. Chupa ya Ubelgiji yenye 04/07 ni Julai 4. Tofauti ni karibu miezi mitatu, yaani umri wote wa IPA. Wengine huchapa namba ya siku katika mwaka: ukiona 121, hiyo ni Mei mosi, labda mwaka uwe mrefu.

Ukishaiona tarehe, tazama ilikokuwa imekaa. Baa tunaulizwa "baridi au moto?" na jibu ni la mnywaji. Dukani, bia ya hopsi iliyokaa moto juu ya rafu wiki kadhaa imezeeka kuliko tarehe yake. Chukua ya ndani ya friji.

Kwa hiyo, IPA ya mwezi uliopita kutoka kiwanda usichokijua ni bora kuliko IPA ya mwaka jana kutoka kiwanda chenye jina dunia nzima. Ndiyo maana kwa bia za aina hiyo nawapa nafasi ya kwanza wa hapa Nairobi, viwanda kama Bateleur na 254, kabla sijaangalia zilizovuka bahari ndani ya kontena.

Kaka, nimekulia kwenye Safari na Kilimanjaro. Wenzangu wa kazini walininunulia IPA, nikaona nimepewa mwarobaini. Kuna bia ya mtu kama mimi? (Mtanzania, Minneapolis)

Ipo, na wala si mbali na ulikotoka. Tafuta kopo lililoandikwa pilsna, helles au kölsch, zote bia za njano. Pilsna ya kwanza ilipikwa mwaka 1842 mjini Plzeň, katika nchi inayoitwa sasa Chekia, na laga zote za njano unazozijua, hizo mbili zako zikiwemo, ni ukoo wake. Tofauti utakayoisikia ni uzito wa shayiri. Viwanda vikubwa vingi duniani huchanganya mahindi, mchele au sukari ili bia iwe nyepesi na gharama ishuke. Kwenye krafti, pilsna nyingi ni shayiri tupu.

Kwenye baadhi ya makopo utaona herufi IBU na namba. Hicho ni kipimo cha uchungu. Laga nyepesi iko kwenye kumi na kitu, IPA kali ya pwani ya magharibi ya Marekani hufika 60 au 70. Isome kwa tahadhari: stauti nzito yenye 60 inaweza kuonekana tamu mdomoni kwa sababu kimea kimeufunika uchungu.

Ukishazoea pilsna, panda ngazi moja tu. Sierra Nevada Pale Ale, kutoka kiwanda kilichoanza kupika Chico, California, mwaka 1980, ina asilimia 5.6 za alkoholi na IBU 38. Hopsi zake ni Cascade, zenye harufu ya balungi. Ndiyo bia iliyowafundisha Wamarekani wengi kwamba uchungu unaweza kupendeza, na iko karibu kila duka, kwa hiyo hukosi iliyo changa.

Jambo jingine, ndugu yangu: usiitafute kwenye duka la vyakula. Kwa miaka mingi sheria ya Minnesota imezuia supamaketi na vituo vya mafuta kuuza bia kali. Nenda duka la pombe, na uliza kama wanaruhusu kuchanganya sita tofauti kwenye pakiti moja. Wengi wanaruhusu. Usinunue sita za bia usiyoijua.

Sisi huku tumelelewa na mbege. Hizi krafti zina lipi jipya? (Mzee wa Kibosho, Moshi)

Shikamoo mzee. Kwako jipya ni dogo, na nasema hivyo kwa heshima. Mtu aliyekulia kwenye laga akipewa bia chachu huitema, akadhani imeharibika. Mtu wa mbege, pombe yenu ya ndizi, au wa busaa kule magharibi mwa Kenya, ulimi wake umeshafika huko zamani.

Mwombe kijana aliyeko Nairobi au Ulaya akutafutie weissbier ya Bavaria, kwa mfano Weihenstephaner. Ni bia ya ngano, ina ukungu, na inanukia ndizi mbivu. Ndani yake hamna ndizi hata kipande: harufu yote inatoka kwenye hamira yao. Karafuu unayoisikia nyuma yake nayo ni kazi ya hamira hiyohiyo. Mimina polepole, bakiza kidogo, zungusha chupa, kisha mimina na machicha yake. Ukiyaacha umeacha nusu ya bia.

Ukitaka uchachu wenyewe, kuna Berliner Weisse, nyepesi, haizidi asilimia nne kwa kawaida. Kuna gose, ya upande wa Leipzig, ambayo hutiwa chumvi na giligilani. Na kuna lambiki za karibu na Brussels, ambazo hazipandwi hamira kabisa: maji ya kimea yaliyochemshwa huachwa wazi usiku kucha yapoe, vijidudu vya hewani viingie vyenyewe, kisha yanaingia kwenye mapipa ya mbao kwa mwaka, miwili, hata mitatu. Mama wapika pombe wa Kilimanjaro wangeielewa biashara hiyo bila mkalimani, ingawa wangeshangaa subira ya miaka mitatu.

Bia nyeusi ndiyo kali, siyo? (Msomaji, Dodoma)

Siyo. Weusi unatokana na shayiri iliyokaangwa mpaka ikaungua kidogo. Guinness Draught ni asilimia 4.2, sawasawa na Tusker. Guinness ya chupa inayouzwa Kenya, Foreign Extra, ndiyo 6.5. Na Duvel ya Ubelgiji, ya njano inayong'aa kama haina neno, ni 8.5. Soma asilimia, achana na rangi.

Nilikunywa makopo mawili tu Jumamosi, nikashindwa hata kufungua mlango. Niliwekewa kitu? (Kijana, Dallas)

Uliwekewa asilimia 8, na iliandikwa kwenye kopo. Umeniambia ni yale makopo marefu, na hayo ni mililita 473. Piga hesabu: 473 mara asilimia 8 ni karibu mililita 38 za alkoholi tupu. Tusker kubwa ya nusu lita, kwa asilimia 4.2, ina 21. Kwa hiyo makopo yako mawili yalikuwa Tusker kubwa tatu na nusu, na pengine ulizimaliza kwa mwendo wa mbili.

Ukiona neno "double" au "imperial" kwenye lebo, jua ni onyo. "Session" ni kinyume chake, mara nyingi chini ya asilimia 5. Nashauri makopo makali yanunuliwe moja moja na yagawanywe kwenye glasi ndogo. Funguo za gari ziachwe nyumbani. Sheria ya barabarani haihesabu makopo.

Kuna duka hupanga bia dirishani zinapendeza sana, lakini nikifungua chupa ya kijani inanuka. Ni bia mbovu? (Dada wa Nyali, Mombasa)

Ilikuwa nzuri mpaka jua lilipoipata. Mwanga hukivunja kile kinacholeta uchungu wa hopsi, ikazaliwa harufu kama ya kicheche. Kioo cha kahawia huzuia mwanga vizuri, cha kijani kidogo tu, cheupe karibu hakizuii kitu. Kopo linazuia wote. Kwa jua la Mombasa, ya dirishani muachie mwenye duka.

Nasikia bia nyingi zinazojiita krafti ni za makampuni makubwa. Nitajuaje, na inanihusu nini? (Msomaji, Toronto)

Ni kweli. Goose Island ya Chicago ilinunuliwa na Anheuser-Busch mwaka 2011. Lagunitas ya California ni ya Heineken yote tangu 2017. Kwa za Marekani kuna alama: chupa iliyopinduliwa, kichwa chini, iliyotolewa mwaka 2017 na chama cha wapika bia wadogo, Brewers Association. Kwa kanuni zao, kiwanda kisipike zaidi ya mapipa milioni 6 kwa mwaka, na kampuni ya pombe isiyo ya krafti isimiliki robo yake au zaidi. Milioni 6, nakubali, ni "kidogo" cha Kimarekani.

Inakuhusu nini? Mdomoni, pengine si sana. Kampuni kubwa ina magari ya baridi na maabara, na bia yake inaweza kukufikia ikiwa safi kuliko ya mtu binafsi. Linalonisumbua ni jingine. Anchor ya San Francisco, kiwanda ambacho Fritz Maytag alikiokoa mwaka 1965 na kikawafungulia njia wengine wote, kilinunuliwa na Sapporo mwaka 2017, na kufika 2023 kikafungwa. Kwenye daftari la kampuni kubwa, kiwanda kidogo ni mstari mmoja, na mstari hufutwa. Mimi nikikuta bia mbili za umri mmoja na aina moja, nachukua ya mwenye kiwanda. Zikitofautiana umri, nachukua changa, hata iwe ya nani.

Sinywi pombe, lakini baba mkwe anatimiza miaka 70 na anapenda bia. Nataka ya heshima, si kreti. (Mama wa watoto wawili, Arusha)

Hongera kwa mzee. Kwako wewe kanuni ya tarehe inageuka, maana ziko bia zinazopendeza zikikaa. Tafuta Chimay ya bluu katika chupa kubwa ya mililita 750, yenye kizibo cha koki kama cha shampeni. Hupikwa katika abasia ya watawa wa Scourmont, Ubelgiji, ambao wamekuwa wakipika bia tangu 1862. Angalia alama ya pembe sita ya bia za Watrapisti, ndilo shirika la watawa hao. Hii kubwa huandikwa mwaka wake kwenye lebo, na mwaka wa nyuma si kasoro, kwa kuwa hamira iliyobaki ndani inaendelea kuijenga. Ukiikosa Arusha, agiza kwa mtu anayetoka Nairobi au Ulaya.

Ihifadhi kabatini, gizani, ikiwa imesimama. Siku yenyewe iweke friji saa chache, kisha itoe nusu saa kabla, kwa sababu ikiwa barafu haina ladha. Ni asilimia 9, hivyo igawanywe na wakubwa wenzake wawili watatu. Kizibo kielekezwe pembeni, mbali na keki na macho ya wajukuu.

Kama mzee ni mtu wa Guinness na hataki mageni, mnunulie stauti ya krafti. Ila soma viambato: "milk stout" ina sukari ya maziwa, na ikiwa chai ya maziwa humsumbua tumbo, hiyo nayo itamsumbua. Na muulize mama mkwe kama mzee anatumia dawa za presha kabla hujanunua chochote.