«Baba ya mutoto eko wapi?» Karatasi za kubeba ukisafiri peke yako na watoto

Jumapili tumerudi kutoka Johannesburg, mimi na wanangu wawili. Wiki tatu nzima kwa dada yangu anayekaa Yeoville, na hakuna mpaka hata mmoja tuliorudishwa. Nilipiga picha ya mihuri kwenye paspoti za watoto nikaituma WhatsApp, na usiku ule simu haikulala. Wengi walinipongeza, wengine waliuliza ni mwanaume gani amelipa. (Nimelipa mimi. Nauza vitenge.) Ujumbe ulionigusa ulitoka kwa mama mmoja wa Likasi: «Dada, mimi nina paspoti, mutoto ana paspoti, nauli iko. Baba yake aliondoka zamani. Kuna kitu gani tena?»

Mama yangu, kuna kitu tena. Mimi pia miaka miwili iliyopita nilikuwa na paspoti na nauli.

Ilikuwa Desemba. Binti yangu alikuwa na miaka saba, mdogo wake mitatu. Tulitoka Katuba, hapa Lubumbashi, kabla jua halijachomoza, twende Ndola, Zambia, kwenye harusi ya binamu. Nilikuwa nimeshonesha kitenge cha familia, na kwenye kapu nilibeba makayabu, samaki wa chumvi, kwa sababu shangazi alisema ya Lubumbashi ndiyo tamu. Tukapita msururu wa malori ya shaba, tukafika dirishani pa mpaka wa Kasumbalesa. Afisa akafungua paspoti zetu tatu, akawatazama watoto, akanitazama mimi.

«Mama, baba ya mutoto eko wapi?»

Nikamjibu kwa kiburi, tena kwa sauti: «Baba ni mimi, mama ni mimi.» Watu waliokuwa nyuma wakacheka. Yeye hakucheka. Akataka otorizasio ya baba, yaani barua ya ridhaa yake. Sikuwa nayo. Akataka cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto. Nilichokuwa nacho ni kadi za kliniki, zile za kupimia kilo na chanjo. Akanirudishia paspoti taratibu, wala hakunitukana: «Rudia nyumba, mama.»

Harusi niliiona kwenye simu. Makayabu tulikula wenyewe, na mpaka leo binti yangu hayapendi.

Kwa miezi nilimlaani yule afisa. Leo nasema alifanya kazi yake. Fikiria majina yetu ya huku: binti yangu anabeba jina la bibi yake mzaa baba, kaka yake la mjomba wangu, mimi nina la kwangu. Paspoti tatu, majina matatu yasiyofanana hata herufi. Mtu asiyetujua angejuaje kwamba sikuokota watoto njiani? Na nchi yetu ina historia katika jambo hili. Mwezi wa tisa 2013 DGM, idara yetu ya uhamiaji, ilisimamisha vibali vya kutoka kwa watoto waliokuwa wameasiliwa na wazazi wa kigeni, na familia zilisubiri miaka. Tangu zamani hizo mtoto anayevuka mpaka na mzazi mmoja anatazamwa mara mbili. Nje nako ni hivyohivyo: Afrika ya Kusini ilikaza masharti ya watoto tangu Juni 2015, na hata baada ya kuyalegeza kwa wageni wasiohitaji viza, sisi Wakongomani tunaoomba viza tunaonyesha vyeti na ridhaa palepale tunapopeleka dosie, faili ya maombi.

Basi ikabidi nimtafute mwenye sahihi, baba yao.

Yuko Kolwezi, kilomita kama 300 kutoka hapa, anafanya kazi kwenye mgodi. Sitaandika mengi kumhusu, watoto wangu wanajua kusoma. Niseme tu kwamba minerval, karo ya shule, hajailipa tangu binti yangu aanze darasa la kwanza. Nilimpigia simu, akasema atatazama. Nikampigia tena, simu ikapokelewa na mwanamke. Mara ya tatu nikapanda basi mwenyewe, nikalala Kolwezi siku mbili kwa rafiki, nikamsubiri atoke kazini. Alikuja na kaka yake mkubwa, kama mtu anayekwenda kusikiliza kesi ya mahari. Kaka akauliza: «Na kama hauwarudishe?» Mimi niliyelala chini hospitalini mtoto alipopata malaria, ndiye niliyeulizwa kama nitawarudisha.

Nilimeza. Nakuambia ukweli, nilimeza na machozi. Kisha nikatoa karatasi niliyokuwa nimeiandika tayari, na tiketi ya kurudi, na anwani ya dada yangu. Kaka akasoma yote, akamwambia mdogo wake: «Tia sahihi, huyu mama ako serieux.»

Hapo nikafanya kosa langu la pili. Karatasi ilisema «safari ya nje ya nchi» bila kutaja nchi wala tarehe, na aliitia sahihi mezani, mbele ya soda. Notere, afisa anayethibitisha sahihi na hati, akaikataa. Alitaka baba afike mwenyewe na kadi yake ya uchaguzi, atie sahihi mbele yake, na barua itaje kila mtoto kwa jina lote, namba ya paspoti, nchi tunazopita na tunayofikia, tarehe ya kwenda na ya kurudi, na nani anayefuatana nao. Nikarudi Kolwezi. Ndiyo, tena. Safari hiyo alikuja peke yake, na alichelewa saa nne.

Ukidhani hapo yaliisha, sikia hii. Cheti cha kuzaliwa cha mdogo kilikuwepo, lakini karani wa komini moja (ofisi ya mtaa inayoandikisha watoto), siitaji, alikuwa ameandika jina langu Mwamba. Paspoti yangu inasema Muamba. Huku kwetu ni mtu yuleyule, hata mtoto mdogo anajua. Kwa mgeni anayesoma dosie ni wanawake wawili. Kusahihisha herufi moja kulinipitisha mahakamani. Cheti cha binti hakikuwepo kabisa, kwa sababu nilimzaa nikiwa na ugomvi na baba yake na nikaona aibu kwenda kuandikisha peke yangu. Sheria ya 2009 ya kulinda mtoto inatoa siku 90 tangu kuzaliwa. Zikipita, unapitia mahakama ya watoto kuomba hukumu inayosimama mahali pa tamko, ile tunayoita supletifu, kisha unarudi komini ndipo cheti kinaandikwa. Aibu ya siku moja ilinigharimu miezi mitano.

Sasa, mama wa Likasi, na wengine mliouliza. Anza mapema. Mtoto awe na paspoti yake, cheti chake, na otorizasio ya mzazi aliyebaki, iliyopita kwa notere. Kama unakwenda mbali, ubalozi unaweza kudai pia muhuri wa Mambo ya Nje juu ya ule wa notere. Aliyefiwa abebe cheti cha kifo. Aliyeachika abebe hukumu ya talaka inayosema mtoto amekabidhiwa nani, maana kusema kwa mdomo «tuliachana» ni hadithi tu. Na ninyi akina baba mnaolea peke yenu, msidhani mnapita bure kwa sababu ya ndevu, jirani yangu alirudishwa vilevile.

Kwa wale ambao baba hakumkubali mtoto kabisa: Sheria ya Familia ya 1987 inasema kila mtoto Mkongomani lazima awe na baba. Mwanasheria aliponiambia nilicheka, nikamuuliza mbona wengine serikali haijawaletea. Lakini ina maana yake. Mahakama inaweza kumteua baba wa kisheria kutoka ukoo wa mama, mjomba kwa mfano, na kama hakuna, mtu anayependekezwa na mama mwenyewe. Uliza kabla ya kununua tiketi. Nimesema anza mapema? Anza mapema.

Karatasi zetu ni za Kifaransa, na kule ni Kiingereza, kwa hiyo tafuta mfasiri aliyeapishwa. Kadi ya manjano pia, ile ya chanjo ya homa ya manjano, sindano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Na karatasi za asili zikae kwenye mkoba wako mwenyewe. Mimi niliona mama analia Kasumbalesa, dosie yake iko chini ya mizigo ya watu arobaini.

Lakini zaidi ya karatasi, dada zangu, tuache kiburi. Tunapenda kusema «nimewalea peke yangu», na ni kweli, na Mungu ameona. Mpaka hauoni. Mpaka unasoma. Usivunje simu ya baba wa mtoto hata kama moyo wako umevunjika. Usimtukane mama mkwe. Utawahitaji siku moja, tena kwa sahihi ya sekunde mbili, na itakuuma kwamba sekunde zake mbili zina uzito kuliko miaka yako tisa. Iume. Nenda tu.

Mwezi huu tulipofika upande wa Zambia, tukielekea kupanda ndege Ndola, afisa wa kike alisoma dosie yangu yote, ukurasa kwa ukurasa. Kisha akaiweka chini, akamwinamia binti yangu, akamuuliza kwa Kibemba: «Aba ni bani?», yaani huyu ni nani? Moyo wangu ukasimama, kwa sababu hilo sikuwa nimelifanyia mazoezi naye. Binti akanitazama, akashangaa mtu mzima anauliza swali la namna hiyo, akajibu: «Ni bamayo.» Ni mama yangu. Muhuri ukagonga, mara tatu.

Otorizasio ile imekwisha tarehe tuliporudi Jumapili. Pasaka dada anakuja Ndola na anataka kuwaona watoto, kwa hiyo kesho asubuhi, kabla sijafungua duka, nitapiga simu Kolwezi.