Refa Hajanunuliwa, Ndugu Yangu

Ninaendesha kibanda cha kuonyesha mpira hapa Arua, Uganda, na kwa kweli kazi yangu kubwa ni kuamua ugomvi. Arsenal ikikutana na Manchester United, mchezaji akidondoka ndani ya boksi, nusu ya watu wanadai penalti, nusu wanamwita mwigizaji. Marudio yanaonyeshwa, habadiliki mtu. Wengi huamini wapinzani wao wanadanganya makusudi, au refa amenunuliwa. Mimi siamini.

Jicho huona vizuri sehemu ndogo tu ya katikati. Kwingine ubongo hujazia kwa kile unachotarajia, na shabiki anajulikana anatarajia nini. Mwaka 1951 vyuo vikuu vya Marekani, Princeton na Dartmouth, vilicheza mpira wao ule wa kubeba mikononi, mechi ikaisha na watu kuvunjika. Baadaye watafiti wakawaonyesha wanafunzi filamu ileile. Wa Princeton walihesabu makosa ya Dartmouth zaidi ya maradufu ya yale waliyoyaona wana-Dartmouth wenyewe.

Wala kundi halihitaji historia ndefu ili watu waanze kulipendelea. Mwanasaikolojia Henri Tajfel, kule Bristol, Uingereza, aliwagawa wavulana wa shule eti kwa mchoraji waliyempenda, Klee au Kandinsky. Kumbe aligawa kiholela. Walipopewa kazi ya kugawa pesa, wakawapendelea wa kundi lao ambao hata hawakujua ni nani. Wengine wakaona afadhali wenzao wapate pungufu, mradi wale wa pili waachwe mbali. Sasa jezi uliyorithi kwa baba?

Kwa hiyo usibishane na mtu mbele ya wenzake. Pale hajibu hoja, analinda nafasi yake. Mngoje nje, mkiwa wawili, umuulize: "Kaka, jezi zingebadilishwa ungesemaje?" Vijana wa steji ya boda walio wakali kuliko wote ndani huwa wanacheka tu. Swali hilo jiulize na wewe, ingawa ni gumu: jibu la kwanza huja haraka na huja limevaa jezi yako.

Nimechanganya viti pia, hakuna tena kona ya Arsenal. Kelele zipo, ngumi zimepungua.

Uchaguzi ukikaribia, wafuasi wa vyama, wa njano na wa nyekundu, huleta video za WhatsApp za sekunde chache. Hapo mimi huuliza kitu kimoja kabla sijaituma kwa yeyote: kabla ya sekunde ya kwanza, kulitokea nini?