Kabla ya Kupanda Boti ya Nakupenda Msimu wa Pasaka, Uliza Leo Mwezi Ngapi

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Februari, ndugu na marafiki walioko Uingereza na Ujerumani huanza kuniandikia wakiulizia safari ya fungu la mchanga la Nakupenda, hapa Unguja, kwa sababu shule za watoto wao hufungwa wakati wa Pasaka, majira ambayo huko kwao ni ya chipuko na huku kwetu ni ya masika. Maswali yao huwa ni yale yale: bei ya boti, nyumba ya kulala wageni iliyo karibu na Forodhani, na iwapo mvua itawaharibia siku. Ni nadra mtu kuuliza juu ya jambo linaloamua kama atalikuta fungu lenyewe au hatalikuta, nalo ni maji.

Nakupenda ni fungu la mchanga mweupe lililoko baharini upande wa magharibi wa Mji Mkongwe wa Unguja, mwendo wa takribani nusu saa kwa boti ya mashine bahari ikiwa shwari. Si kisiwa. Halina mti, halina kisima, halina choo wala kibanda cha kudumu. Vivuli unavyoviona kwenye picha ni maturubai ambayo mabaharia huyachomeka asubuhi na kuyang'oa jioni. Maji yakipwa, mchanga hujitokeza mpana kiasi cha watoto kucheza mpira, na yakijaa humezwa na bahari, hata mgeni anayepita kwa mbali asijue kwamba pale palikuwa na watu saa chache zilizopita.

Mimi mwenyewe nilijifunza haya kwa hasara. Pasaka ya mwaka 2025 iliangukia tarehe 20 Aprili, nami nilikuwa nimepanga kumpeleka mama mkwe, ambaye kwa umri wake wote alikuwa hajawahi kukanyaga mchanga wa katikati ya bahari. Tuliondoka mapema, tukafika saa tatu na nusu asubuhi, na tukakuta ukanda mwembamba ambao kila shubiri yake ilikuwa imekwisha kukaliwa na turubai la kundi jingine. Tulikaa bega kwa bega na watu tusiowajua, tukisubiri maji yapwe, na hayakupwa kwa kiasi tulichotarajia. Mama mkwe hakulalamika hata kidogo, na ukimya wake uliniumiza zaidi kuliko lawama.

Jioni ile nilimweleza mvuvi mmoja mzee, jirani yangu, yaliyotupata. Badala ya kunipa pole aliniuliza: "Kwani leo mwezi ngapi, mwanangu?" Nilipomtajia tarehe ya kalenda ya ukutani alitikisa kichwa, kwa sababu alikuwa anauliza umri wa mwezi wa angani. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari huingia katika bamvu, yaani hupwa sana na kujaa sana, na katika maji ya Unguja tofauti ya kupwa na kujaa siku hizo hukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, huwa ni maji mafu, ambayo hayapwi sana wala hayajai sana. Zaidi ya hayo, katika bahari yetu saa za bamvu hazibadiliki sana mwaka mzima: maji hukauka baina ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha hujaa kiasi cha saa kumi alasiri. Siku za maji mafu mambo hugeuka, yakawa yamejaa asubuhi na kupwa alasiri. Kila siku inayopita huyachelewesha maji kwa wastani wa dakika 50.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Pasaka huwekwa Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaotokea tarehe 21 Machi au baadaye, kwa hiyo haiachani na mwezi mpevu kwa zaidi ya juma moja, ila ndani ya juma hilo bahari hutoka katika bamvu na kuingia katika maji mafu. Mwaka 2025 mwezi ulipevuka tarehe 13 Aprili, juma zima kabla ya sikukuu, nami nikaenda katika maji mafu, tena asubuhi. Pasaka ya mwaka 2026 ni tarehe 5 Aprili, siku tatu tu baada ya mwezi mpevu, na hiyo ni bamvu njema. Wanaokuja kwa Idi-el-Fitri wana bahati zaidi, maana Idi yenyewe hufuata mwandamo wa mwezi na hivyo haikosi bamvu.

Hata hivyo, bamvu nayo ina hatari yake, na jambo hili naliandika kwa uzito wote. Maji hayapandi kwa kasi moja: saa ya kwanza baada ya kukauka hupanda taratibu, lakini katika saa ya tatu na ya nne hupanda takribani nusu ya kimo chake chote, maana yake siku ya bamvu kubwa ni kiasi cha mita 2 ndani ya saa mbili. Miaka kadhaa iliyopita, katika sikukuu ya Idi, nahodha aliyetupeleka alitushusha kisha akaondoka kwenda kuchukua kundi jingine mjini, akiahidi kurudi saa saba. Saa nane ilitukuta tumesimama maji yakiwa magotini, mimi nikiwa nimembeba binti yangu mabegani na dada yangu akiwa na sufuria la pilau kichwani, mchanga ukimomonyoka chini ya nyayo zetu kila wimbi lilipopita. Boti ilirudi, na hakuna aliyeumia, ila tangu siku ile sikubali chombo kiondoke funguni kabla yetu.

Kuhusu mvua, masika huanza Machi na hushika sana mwezi wa Aprili, lakini si kila siku hunyesha kutwa. Ninachowashauri wageni ni wasiifunge safari hii kwenye siku moja tu, bali waache siku mbili au tatu zilizo ndani ya bamvu, ili wakiamka na wingu zito waahirishe bila majuto. Machi na mwanzo wa Aprili ni tangambili, wakati upepo wa kaskazi unakwisha na ule wa kusi haujashika, na baina ya mvua mbili bahari huweza kulala kama maji ya mtungini. Kadiri unavyoikaribia Mei ndivyo kusi inavyopata nguvu. Fuatilieni taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kwani mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu na vyombo vya baina ya Dar es Salaam na Unguja vikasitishwa.

Waongozaji wengi huunganisha Nakupenda na kisiwa cha Changuu, penye makobe wakubwa ambao wazazi wao wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Usikubali mpangilio wa safari kabla ya kujua maji. Siku ya bamvu omba uanzie funguni asubuhi, kisha umalizie Changuu penye miti na kivuli. Siku ya maji mafu anzia Changuu, uende funguni alasiri.

Chukua maji ya kunywa ya kutosha, kofia, na nguo ya mikono mirefu, kwa sababu mwezi wa Machi jua la mchana hukaribia utosini na mchanga mweupe hulirudisha usoni. Mifuko ya plastiki iacheni huko huko Ulaya, kwa kuwa imepigwa marufuku hapa; kikapu cha ukili kinatosha, na taka zote zirudi ndani yake. Watoto wakikiona kiti cha pweza, yule kiumbe wa baharini mwenye umbo la nyota, kwenye maji ya kina kifupi, wainame wakitazame hapo hapo kilipo. Nimewaona watu wakikitoa majini na kukipanga mchangani kwa ajili ya picha, na kilipowekwa tena majini kilikuwa hakisogezi hata ncha ya mkono.

Kabla ya kutoa fedha, hesabu majaketi ya kujiokolea na uhakikishe kuna yanayowaenea watoto. Kisha mwambie nahodha, kwa heshima na mbele ya wenzako wote, kwamba chombo kitatia nanga funguni mpaka mtakapoondoka pamoja, na kwamba siku ya bamvu mtakuwa ndani ya boti ifikapo saa saba na nusu, hata kama samaki bado wako juu ya makaa.