Je, nimekuwa teja?

SWALI: Daktari, baada ya kufanyiwa upasuaji wa mgongo nilitumia vidonge vya tramadoli kwa miezi saba, kama nilivyoandikiwa. Maumivu yalipopungua niliona hakuna sababu ya kuendelea, nikaacha siku hiyo hiyo. Leo ni siku ya tatu. Napiga miayo bila usingizi, pua inavuja, vinyweleo vinanisimama, ninaharisha, na usiku miguu haitulii hadi niinuke nizunguke chumbani. Ndugu yangu anasema hiyo ni arosto. Je, nimekuwa teja? Vidonge vichache vimebaki kabatini, nivimeze?

JIBU: Ndugu yako amepatia jina, ila hukumu inayoambatana nalo haikuhusu. Anayeitwa teja (neno ambalo ningefurahi likistaafu) huisaka dawa hata inapomharibia maisha. Wewe ulimeza ulichoandikiwa na mwili ukazoea, jambo linaloweza kumpata yeyote aliyetumia dawa za jamii ya afyuni kwa miezi mfululizo.

Dawa hizi huzituliza sehemu za ubongo zinazotoa noradrenalini, kemikali inayotuweka macho na tayari kwa hatari, nazo sehemu hizo hujibu kwa kuongeza juhudi. Dawa ikiondoka ghafla, juhudi ile hubaki bila kizuizi, ndipo yanapokuja majasho, moyo kwenda mbio na kukesha. Utumbo nao, ambao dawa iliupunguzia mwendo hadi choo kikawa kigumu, sasa unakimbia. Tramadoli ina ziada yake: kwa kuwa hugusa pia serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, wengine huingiwa na hofu kali au ganzi wanapoiacha.

Siku ya pili na ya tatu mara nyingi ndizo ngumu zaidi, kwa hiyo huenda sasa uko kileleni, ingawa usingizi huchelewa kurudi kuliko vyote.

Vidonge hivyo usivimeze kwa kujipangia. Wasiliana leo na daktari aliyekuandikia, umweleze tarehe na saa ya kidonge cha mwisho. Anaweza kukurudisha kwenye dozi ndogo na kuishusha polepole, pengine kwa asilimia 10 kila mwezi, au akakupa klonidini, ambayo hupunguza noradrenalini lakini pia hushusha shinikizo la damu, ndiyo maana haifai kuazimana. Kwa sasa kunywa maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa, funda baada ya funda, na uoge maji ya uvuguvugu miguu inapoanza kusumbua. Dawa ya kuzuia kuharisha usizidishe kipimo kilichoandikwa, kwani loperamidi ikizidi huvuruga mapigo ya moyo.

Kuharisha hakunitishi sana. Kinachonitisha ni ule usiku utakaochoka ukarudia dozi ya zamani, kwa sababu uwezo wa mwili kuistahimili hupungua upesi, na kiasi ulichokizoea kinaweza kukukata pumzi usingizini. Ukitapika kila unachokunywa, ukichanganyikiwa, ukipata degedege au ukijiwa na mawazo ya kujidhuru, nenda hospitali mara moja. Vilivyomo kabatini mkabidhi ndugu yako akae navyo hadi daktari atakapoamua. Kama havihitajiki tena, avipeleke kwa mfamasia.